Kitabu cha Masikio

Kijitabu cha mazishi kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchapishiwa mimi. Karatasi ya kung'aa, picha za rangi, maua pembeni, na ndani maisha yote ya Mutheu kwa Kiingereza kitupu, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi shukrani za familia. Tulikuwa chini ya tenti nyumbani kwao, mwendo mfupi kutoka soko la Mbumbuni, na wengi wetu walikuwa wakulima waliotembea kuja pale na viatu vyao vya kanisani vimejaa vumbi. Mama yake, ambaye kila mtu alimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alikaa safu ya mbele akijipepea na kile kijitabu. Nilimtazama nikaona kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ya maana kijitabu kile kingefanya siku nzima. Ukurasa wa pili ulisema marehemu alijiunga na chuo kikuu kusomea ualimu. Sentensi iliyofuata ilisema alilitumikia kanisa kwa miaka mingi. Katikati ya sentensi hizo mbili palikuwa na nukta, na nyuma ya nukta ile nilikuwa nimejificha mimi.

Wanawake wawili walioketi nyuma yangu nao walikuwa wamefika kwenye nukta hiyo, ingawa hawakusoma. "Huyu si ndiye alishindwa na masomo?" mmoja aliuliza kwa Kikamba, kwa ile sauti ya chini ambayo mazishini husikika hadi jikoni. Mwenzake akajibu, "Ndiye. Akili ya kanisa alikuwa nayo. Ya shule, hapana." Wakaguna wote wawili, wakaendelea kumhurumia. Huruma ile ilikuwa ya uongo kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika tenti ile mtu mmoja tu alijua kwamba ni ya uongo, naye alikuwa amevaa miwani ya jua na kiatu cha bei, akiitwa Daktari.

Wanaoandika kumbukumbu zao hupenda kuanza na babu zao. Babu zangu hawana hatia katika jambo hili, niwaache walale. Nitaanza na chumba. Ulikuwa mwaka wangu wa pili chuoni, katika kampasi iliyojengwa nje kidogo ya mji wa Kitui, majengo mapya yanayonuka rangi katikati ya mashamba ya ndengu. Nililala chumba kimoja na Mutheu: vitanda viwili vya chuma, meza moja, na dirisha ambalo halikuwahi kufunga sawasawa, kwa hiyo vumbi jekundu liliingia hata kwenye sukari. Yeye alitoka Mbumbuni, upande wa Makueni, mimi Migwani. Kila tulipofungua chuo alikuja na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo kwetu ndiyo chakula chenyewe, akiwa ameyajaza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Mimi nilileta ndengu. Tulivichemsha pamoja kwenye jiko dogo la umeme tulilolificha chini ya kitanda, tukala kwa sahani moja kwa sababu ya pili ilikuwa imepasuka na hakuna aliyejali kununua nyingine. Mutheu alikula akicheka na kuzungumza mdomo umejaa. Mimi nilikula taratibu, kijiko kimesimama, nikijizoeza maisha niliyoyataka. "Nduku," aliniambia, "wewe unakula kama mgeni wa chifu. Hii ni muthokoi, si mtihani."

Jumapili alinipeleka kanisani mjini, na huko ndiko nilikomfahamu hasa. Wahubiri walitoka Nairobi, wakahubiri kwa Kiingereza, na Mutheu alisimama hatua moja kando yao, mikono nyuma, akiyageuza maneno yao kuwa Kikamba. Hakuwa na karatasi. Mhubiri alipokimbia, alikimbia naye. Mhubiri alipotoa mfano wa theluji ambao hakuna mtu Kitui aliyeuhitaji, Mutheu alimtafutia baridi ya Julai inayowafanya mbuzi wakatae kutoka zizini, na mama mmoja mbele yangu akatikisa kichwa na kusema kweli, kweli. Mara moja mhubiri alisema jambo la kipumbavu juu ya watu maskini. Nilimtazama Mutheu nikingoja alipake asali. Hakulipaka. Alilisema kama lilivyosemwa, kanisa likanyamaza, na mhubiri akajua papo hapo kwamba amesikika. Tulipotoka nilimuuliza kwa nini hakumsaidia. "Kumsaidia?" alisema. "Hawa watu wametoka mbali. Wakikosa kuambiwa kitu kimesemwa, si nitakuwa nimewaibia?"

Msichana huyohuyo, kulingana na chuo kikuu, alikuwa na upungufu katika stadi za lugha. Mtihani wa kuongea, alioufanya mbele ya watu watatu wasiomtazama usoni, ulisema lafudhi yake ni nzito, na kwa hiyo akapangiwa maabara ya lugha. Maabara ilikuwa chumba chenye pazia nene na visikizi vya sauti vya msaada, na ndani ya visikizi mwanamke wa Uingereza aliagiza teksi, akaagiza chumba cha hoteli, kisha akalalamika kuhusu supu. Wanafunzi waliozaliwa Mwingi na Mutomo walikaa safu kwa safu wakilalamika kuhusu supu. Niliwasimamia mimi. Nilikuwa nimepewa kazi katika Kituo cha Stadi za Lugha kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa safi, na nilijivuna. Nilipita kati ya viti na fimbo ndogo ya kuelekezea ubaoni, ambayo hakuna aliyenipa; niliitafuta mwenyewe.

Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Muia, mtu mnene wa tai na leso, mzaliwa wa hapohapo Kitui, aliyejidai kwamba Kikamba kimemtoka kwa kukaa ng'ambo. Nyani haoni kundule. Yeye ndiye aliyeandika Sera ya Lugha ya chuo, na mimi ndiye niliyeipiga chapa. Ilisema Kiingereza ni lugha ya kufundishia, Kiswahili ni lugha ya kuwahudumia watu, na Kikamba, lugha ya jamii iliyotupokea, kitaheshimiwa na kukuzwa. Ukiishia hapo ungelia kwa furaha. Lakini baada ya hapo zilikuja kurasa za utekelezaji, na uozo wote ulikuwa humo. Mwanafunzi atakayesikika mara tatu akizungumza lugha ya mama mahali popote ndani ya kampasi, darasani, bwenini au kantini, hatapewa cheti cha umilisi wa lugha. Bila cheti hakuna mazoezi ya kufundisha, na bila mazoezi ya kufundisha huwezi kuwa mwalimu. Shule ya msingi tulivishwa kipande cha mbao shingoni tukikamatwa tunaongea lugha ya nyumbani, ukakaa nacho hadi umnase mwenzako umvishe. Basi watu wazima wenye shahada tatu tatu walikaa kwenye kamati wakanywa chai na mandazi wiki baada ya wiki, na hekima yote waliyotoka nayo ilikuwa ileile mbao. Waliigeuza tu kuwa kitabu.

Kitabu kilikaa kwenye droo ya meza yangu. Kilikuwa na jalada gumu la kijani na safu nne: jina, mahali, maneno yaliyosikika, na tafsiri ya maneno hayo kwa Kiingereza. Wanafunzi walikiita kitabu cha masikio, na sisi tuliotumwa kusikiliza tukaitwa masikio. Masikio wenzangu waliniletea vikaratasi, mimi nikanakili kwa mwandiko wangu mzuri. Jina la Mutheu liliingia mara ya kwanza kwa sababu alimsalimia mpishi wa kantini, Mama Kanini, kwa Kikamba, na Mama Kanini hakujua lugha nyingine ya kusalimiwa. Liliingia mara ya pili kwa sababu aliongea na mama yake kwenye simu nyuma ya kamba za kuanikia nguo. Nilinakili yote mawili nikijiambia kazi ni kazi. Usiku tulikula sahani moja. Alijua, akanitania tu. "Sikio langu," aliniita, "pitisha chumvi." Lakini kuanzia hapo akawa akitoka nje ya ua wa kampasi kwenda kumpigia mama yake simu, akisimama kwenye jua karibu na miiba, na mimi nikamwona kila mara na sikusema kitu. Sasa najiuliza ni mtu wa aina gani anaweza kumwona rafiki yake akisimama kwenye miiba ili aongee na mama yake, kisha arudi kupanga kalamu kwa rangi.

Siku ya kuzindua sera ilifika. Walikuja wageni wa heshima, wengine weusi, wengine weupe, na juu ya jukwaa kulitundikwa kitambaa kikubwa kilichoandikwa: Mwacha mila ni mtumwa. Sikutunga hilo. Chini ya kitambaa kile tulikaa sisi masikio, tumevaa mashati ya kufanana. Kina mama wa vijiji vinavyopakana na chuo walialikwa kuimba, ili wageni waone jinsi Kikamba kinavyoheshimiwa na kukuzwa, na mmoja wao, Susu Kalunde, susu ni nyanya kwetu, angetoa neno la shukrani nami nitafsiri. Alikuwa ameambiwa aseme sentensi mbili. Aliimba na wenzake, wakacheza hadi vumbi likawapanda magotini, kisha akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mmetuita tuimbe, tumeimba," alisema kwa Kikamba. "Sasa na mimi naomba. Ua wenu umefunga njia yetu ya silanga, bwawa letu la maji. Punda hapiti. Mama mwenye mtoto mgongoni hapiti. Tunazunguka mlima mzima kwenda kuchota maji tuliyochimba kwa mikono yetu. Sitaki vita. Fungueni njia, hata ikiwa ya kupita mtu mmoja mmoja." Akanigeukia angoje niseme. Alikuwa na macho ya maji maji ya uzee, na aliniamini kabisa. Nikamtazama Daktari Muia, naye akanitazama. Nikasema kwa Kiingereza safi sana kwamba bibi anaushukuru uongozi wa chuo kwa maendeleo, na anaomba ushirikiano mwema uendelee. Wageni wakapiga makofi. Susu Kalunde aliposikia makofi alidhani ni jibu. Akageuka kwa wenzake, mikono juu, akapaza sauti, "Wamekubali! Wamekubali!" na kina mama wote wakapiga vigelegele. Nimesikia mambo mengi machafu maishani. Sijasikia lililonichafua kama vigelegele vile.

Mutheu alisimama katikati ya wanafunzi. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kiingereza, kwa ile lafudhi yake nzito, kwamba anaomba radhi, lakini hayo siyo aliyoyasema bibi, kisha akayasema aliyoyasema bibi, neno kwa neno, punda, mtoto mgongoni, silanga na yote. Halafu akamgeukia Susu Kalunde na kumwambia kwa Kikamba, "Susu, usishangilie. Hawakuwa wameambiwa maneno yako." Bibi akashusha mikono. Mgeni mmoja mweupe akauliza silanga ni kitu gani, mkubwa mmoja wa chuo akasema jambo hilo litashughulikiwa, na aliyesimamia muziki akaongeza sauti hadi hakuna aliyeweza kusikia tena. Wageni wakapelekwa ukumbini kula pilau na mbuzi wa kuchoma. Kina mama wakapewa soda na mkate nyuma ya lori lililowaleta, wakala wamesimama. Njia haikufunguliwa. Nilipomaliza chuo walikuwa bado wanazunguka mlima.

Kesho yake asubuhi Daktari Muia aliniita ofisini na kuniambia nije na kitabu. Alifunga mlango. Juu ya meza, kwenye bakuli la udongo lililofunikwa kwa leso, alikuwa na muthokoi aliyoletewa na Mama Kanini, na alikula akizungumza. Alizungumza kwa Kikamba. Kikamba chake hakikuwa kimetoka popote. Kilikuwa kizuri, cha kizamani, kama cha mashemeji wakijadili mahari. "Binti yangu," alisema, "yule rafiki yako alisema Kikamba jana mbele ya mkutano rasmi, ama hakusema?"

"Alisema, Daktari."

"Mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi mbona kitabu kimefungwa?" Akapangusa mdomo, akaisogeza karatasi iliyokuwa kando ya bakuli. Ilikuwa barua ya kunipendekeza kwa ufadhili wa masomo ya juu, niliyoingoja tangu Januari. "Hii nataka niitie sahihi kabla chai haijapoa," alisema, kwa Kikamba kilekile alichokuwa akimfukuzia mtu.

Niliandika. Jina: Mutheu. Mahali: uwanja wa mikutano. Maneno yaliyosikika: niliyaandika kwa Kikamba yote. Tafsiri: nikaandika kwa Kiingereza, Susu, usishangilie, hawakuwa wameambiwa maneno yako. Daktari akasoma, akasema kazi nzuri, akatia sahihi barua.

Mchana Mutheu aliitwa, na saa tisa alikuwa chumbani anakunja nguo. Angeruhusiwa kurudia mwaka, walimwambia, lakini bila nafasi ya bweni na akianza upya na maabara. Sote wawili tulijua maana yake. Nilisimama mlangoni kwa sababu sikujua kama bado nina haki ya kukaa kwenye kitanda changu. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, "Uliandika na maneno niliyosema?"

"Ndiyo."

"Na tafsiri?"

"Nayo."

"Uliandika nini?"

Nikamwambia. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama, kama alivyowasikiliza wahubiri. Kisha akasema, "Kumbe unajua kutafsiri ukitaka." Hakusema kwa hasira. Alitandaza gazeti mezani, akamimina muthokoi yote kutoka kwenye mkebe wake, ikafanya kichuguu kikubwa. "Hii ni yako. Kwetu iko nyingi. Mkebe ni wa Mwaitu, huo nauchukua." Akajitwika begi, akaenda. Na mimi ile muthokoi nikaila. Mtu mwenye haya angeitupa. Niliila peke yangu, siku baada ya siku, kwenye sahani ileile, hadi ikaisha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Kanini aliniambia hivyo kwa Kikamba chake, dirishani mwa kantini, mbele ya foleni nzima, na hakunipa chai tena. Nilimchukia kwa miezi. Nilipata ufadhili, nikasoma, nikarudi, na leo mimi ndiye mkuu wa kituo cha lugha katika chuo kingine, nina ofisi yenye mlango unaofunga. Kwenye droo yangu kuna rasimu ya sera. Inasema lugha za jamii zitaheshimiwa na kukuzwa. Mwezi uliopita mjumbe mmoja wa kamati alipendekeza wanafunzi waripotiane kwa simu wakisikika wakitumia lugha ya mama, na mimi, badala ya kumtoa nje kwa sikio, nilisema tutalifikiria. Tutalifikiria! Ndivyo nilivyo. Miaka yote hiyo sikukanyaga Mbumbuni. Nilisikia kwa watu kwamba Mutheu alilima, akafundisha kusoma na kuandika kwa watu wazima waliokosa shule, na kila Jumapili akasimama hatua moja kando ya mhubiri. Krismasi moja nilimtumia ujumbe wa heri. Akajibu, "Nawe pia, sikio langu." Habari za kifo chake nilizipata kwenye kundi la simu la wale tuliolala bweni moja, zimepachikwa kati ya tangazo la harusi na picha ya mtoto wa mtu.

Pale tenti, Shemasi Musyoki ndiye aliyeongoza ibada na ndiye pia aliyetafsiri, kwa kuwa kanisa lile lilikuwa na mtafsiri mmoja tu na sasa alikuwa ndani ya jeneza. Shemasi alihangaika, jasho likimtoka. Hatimaye akanielekezea kipaza sauti. "Tuko na rafiki ya marehemu kutoka university," alisema. "Daktari, karibu. Tafadhali madam, utumie Kizungu juu tuko na wageni ya Nairobi, mimi nitawatafsiria hawa wazee. Na ukuwe brief, jua ni kali." Nilikuwa nimeshaamua kusema ukweli. Nakiri pia kwamba nilifurahi kuambiwa nitumie Kiingereza. Kwa Kiingereza ningekuwa nimesema, na bado ningekuwa sijasema.

Basi nilisema. Nilisema Mutheu hakushindwa na masomo. Nilisema alifukuzwa kwa sababu aliyasema maneno ya bibi mmoja aliyefungiwa njia ya maji, maneno ambayo mimi niliyaficha mbele ya watu. Nilisema kulikuwa na kitabu, na mimi niliyekula naye sahani moja ndiye niliyeandika jina lake, na kwa hilo nilimnyima kazi ya ualimu aliyoitaka maisha yake yote. Wageni wa Nairobi wakainua macho kutoka kwenye simu zao. Shemasi Musyoki alinitazama, akapangusa jasho. Kisha akawageukia wazee na kusema kwa Kikamba, "Anasema alisoma na marehemu, wakala sahani moja, na marehemu alikuwa mtu wa kupenda ukweli. Bwana asifiwe." Tenti nzima ikaitika amina. Akanitupia jicho la upole, kama mtu aliyekuvuta usianguke shimoni, na mimi, Mungu anisamehe, niliona ahueni. Nikarudisha kipaza sauti.

Nilipopita safu ya mbele kumpa pole Mwaitu, alinishika kifundo cha mkono na hakuniachilia. "Kaa," aliniambia kwa Kikamba. Nikachuchumaa kando ya kiti chake. Alikuwa bado anajipepea.

"Musyoki amekuficha," alisema.

"Mwaitu?"

"Nimekaa benchi la mbele miaka yote hiyo. Mhubiri anasema yake, mtoto wangu anasema yetu. Yake, yetu. Kila Jumapili. Mnafikiri kichwa changu ni jiwe?" Akaacha kujipepea. "Hicho kitabu. Ni wewe ulikiandika?"

"Ni mimi, Mwaitu."

Nilingoja anipige kofi, na ningelipokea. "Aliniambia alichoka na masomo," alisema mwishowe. "Basi. Hakusema zaidi ya hapo hadi amekufa. Na mimi nikamwita mvivu. Tulikuwa tunapura mbaazi, baba yake alikuwepo, shangazi zake walikuwepo, hawa majirani unaowaona walikuwepo. Nikamwambia tuliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya mtu mvivu. Alicheka tu, akaendelea kupura." Mkono wake ulikuwa umekauka na ulikuwa na nguvu nisizozitarajia. "Sitaki unililie mimi. Rudi pale. Sema vile ulivyosema, yote, kwa Kikamba. Hawa ndio walisikia nikimwita mvivu."

Nilisema, "Mwaitu, mbele ya jeneza lake?"

"Utalisemea wapi? Sokoni?"

Nikarudi. Shemasi alishtuka, akainua kipaza sauti cha pili ili atafsiri, nikamwambia akae chini. Nilivua miwani ya jua. Nikaanza na jina langu na nilikotoka, kama inavyopasa, kisha nikasema juu ya kitabu na safu zake nne, na ni nani aliyezijaza. Kikamba changu kilikwama mara mbili na mzee mmoja akanipa neno nililokuwa nalitafuta, kabla hajajua ninalitaka kwa kazi gani. Sikupaka asali. Nilipofika kwenye muthokoi niliyoachiwa mezani, wale wanawake wawili waliokuwa nyuma yangu walikuwa wamenikazia macho, na hawakunihurumia. Mwaitu alikuwa amefumba macho, akisikiliza kichwa kimeinama. Kando ya tenti wageni wa Nairobi walianza kuulizana ninasema nini, lakini hakuna aliyewatafsiria.